Aliyetufundisha Kuuliza

Mkufunzi wetu hakujua kunong'ona. Kwa mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha wasichana namna ya kuzungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa, huo ulikuwa upungufu mkubwa, na mwenyewe aliujua. Aliinama kando ya kitanda, akaziba mdomo kwa kiganja, akamwuliza mgonjwa jambo la siri kabisa, na wodi ya pili yote ikasikia. Siku moja alimwuliza mzee mmoja, "Baba, unaogopa?" Mpishi akajibu kutoka jikoni, ng'ambo ya ua, "Ninaogopa nini, Mwalimu?"

Nilimfahamu kwa miaka minane hivi. Kwanza Iringa, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya misheni, halafu Mbeya, nikiwa na cheti, mkanda wa kazi na kiburi cha kutosha wauguzi watatu. Jina lake nalijua, lakini hatukulitumia. Mbele yake tulimwita Mwalimu. Akigeuka tulimwita Mkufunzi, kana kwamba nchi nzima alikuwa mmoja tu. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, alisoma kwa nani, sikuwahi kumwuliza. Najicheka nikifikiri hivyo, maana kazi yake yote ilikuwa kunifundisha kuuliza.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na sweta la kijani ambalo viwiko vyake vilikuwa vimeshonewa viraka vya kitambaa cha suruali. Viatu vyake vyeupe alivipaka chaki ya ubaoni. Mvua ikimkuta njiani, aliacha nyayo nyeupe kama maziwa toka getini mpaka darasani, na tuliochelewa tulizifuata tukajua amekwisha kuingia. Alikuwa na baiskeli ambayo aliisukuma kuliko kuipanda, kwa sababu ukipanda baiskeli, alisema, unawapita watu kabla hujajua wameamkaje. Naye alitaka kujua. "Kamwene!" aliwasalimu wenyeji, na hakuondoka mpaka amepewa habari za kuku.

Mtaala wa siku zile ulikuwa na nusu ukurasa tu kuhusu kufa. Fumba macho, funga taya, nyoosha viungo kabla havijakakamaa, andika saa. Alitufundisha nusu ukurasa huo wote asubuhi moja, kwa ukamilifu, akatupa na mtihani. Kisha akafuta ubao.

"Hiyo ni kazi ya maiti," alisema. "Maiti ni mgonjwa mpole kuliko wote. Hakatai dawa, hajibu vibaya, hana ndugu wa kukugombeza; ndugu wapo, lakini wanashughulika na mambo mengine. Sasa tuanze kazi ya mtu aliye hai bado."

Kazi hiyo aliiita Kauli ya Mgonjwa. Hakuna sheria iliyomwagiza, wala kitabu. Alichukua karatasi ya daftari, akaibandika mwisho wa faili la kila mgonjwa ambaye daktari alikwisha kusema kwamba dawa imefika ukomo. Juu ya karatasi hiyo muuguzi aliandika maneno ya mgonjwa, wakati mgonjwa bado ana maneno. Anajua nini kuhusu hali yake. Anaogopa kitu gani. Angependa kuwa wapi, na nani awe karibu. Kitu gani asifanyiwe hata kama sisi tunakiweza. Na akifika mahali pa kushindwa kusema, nani aseme kwa niaba yake. Si nani mwenye sauti kubwa kwenye ukoo, alisisitiza kwa sauti kubwa. Nani yeye mgonjwa amemchagua.

Metroni hakuipenda karatasi ile. Alisema ni kumwandikia mtu kifo, na kwamba kwao jambo kama hilo hata mchawi angelifanya kwa kujificha. Ndugu wa wagonjwa wengi walisema hivyo hivyo. Mkufunzi hakubishana nao. Aliwaambia, "Mimi sijaandika kifo. Kifo kinajua kuandika chenyewe. Mimi naandika mtu." Daktari mkuu aliikubali karatasi, nadhani, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kushindana na sauti ile.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na chuki ndogo ndogo za ajabu. Hakupenda watu wanaopiga chafya bila kugeuka. Hakupenda wanafunzi wanaotembea wawili wawili. Aliwaogopa mbwa kwa namna isiyolingana na umri wake, na mara moja tulimkuta juu ya ukuta wa kisima, baiskeli imelala chini, na chini yake kijibwa cha mwezi mmoja kikitikisa mkia. "Kiondoeni," alisema, "kisha msiseme." Skola na mimi tukakiondoa. Kisha tukasema kwa kila mtu.

Skola alikuwa rafiki yangu, msichana mkimya kutoka Njombe, mwenye mikono ya kufaa kazi. Mimi nilitoka Tukuyu, na nilikuwa na mdomo. Huo ndio mgawanyo wetu: yeye alifanya, mimi nilieleza jinsi ilivyofanywa. Mkufunzi aliniita Msemaji. Nilidhani ananisifu. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba kila mara kikohozi cha Skola kilikuwa kicheko.

Kwa ajili ya mazoezi alitulaza vitandani, mmoja awe mgonjwa wa kufa, mwingine muuguzi wa kuuliza. Zamu yangu ya kufa ilipofika nilijiandaa tangu jana yake. Nilifunga kichwa kwa khanga, nikapunguza pumzi, na Skola aliponiuliza ningependa nini nikatoa kauli ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Niliwausia wanafunzi wenzangu wapendane. Nilisamehe maadui, ambao sikuwa nao. Niligawa gauni langu la Krismasi. Nililia kweli. Darasa zima likanyamaza, nami nikajua nimewagusa. Mkufunzi akanishika mkono, akapima mapigo, akamgeukia Skola.

"Nesi, andika," alisema. "Mgonjwa huyu hafi leo. Ana pumzi ya kuhutubia."

Yeye mwenyewe hakugusa kileo. Alikuwa mzee wa kanisa na alizunguka njia ndefu asipite mbele ya kilabu cha pombe. Sasa ilitokea kwamba mzee mmoja wa Kihehe, ambaye tumbo lake halikuweza kupokea chakula tena, aliulizwa na Skola angependa nini, naye akasema angependa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Skola akaandika. Tukasubiri kuona Mkufunzi atakalofanya. Aliisoma karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena.

"Umemwuliza ulanzi wa namna gani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kamwulize. Watu hawanywi neno."

Mzee alitaka mtogwa, ule mtamu uliogemwa asubuhi, si mkangafu wa kulewesha. Basi Mkufunzi akachukua chupa ya chai, akaisukuma baiskeli yake mteremko mzima mpaka Ipogolo, na akaonekana na watu wawili wa kwaya akitoka kilabuni mchana kweupe na chupa kwapani. Mzee alikunywa nusu kikombe kwa kijiko, akafunga macho, akasema, "Mianzi ya mwaka huu ni mizuri." Jumapili Mkufunzi aliitwa na baraza la kanisa ajieleze. Alijieleza kwa sauti yake ile ile, kwa hiyo na sisi tuliokuwa nje tukifanya usafi tulipata maelezo yote. Hakusema ulanzi ni wa mgonjwa. Alisema, "Ndiyo, nilikwenda, nikanunua, na ulikuwa mtamu," akakubali kukaa benchi la nyuma kwa miezi miwili. Nilipomwuliza kwa nini hakusema kweli yote, alishangaa. "Kauli ya mgonjwa ni ya mgonjwa," alisema. "Haikuwa yangu kuitumia kujitetea."

Alikuwa na misemo mingi na mingine haikuwa na maana. "Mgonjwa si gunia" ilikuwa na maana. "Uuguzi ni nusu masikio, nusu magoti, na nusu uvumilivu" ilitupa taabu, hasa wale waliojua hesabu. Alituambia kwamba kunyamaza kwa mgonjwa ni sehemu ya jibu, tusikimbilie kujaza kimya hicho. Mfugaji mmoja kutoka Usangu, ambaye watu wake walikuwa wamehama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, alinyamaza mbele ya Mkufunzi tangu chai ya saa nne mpaka kengele ya chakula cha mchana. Mkufunzi alikaa tu. Mwisho mfugaji akasema hataki kitu chochote, ila angependa kuambiwa ng'ombe gani amezaa. Tangu siku hiyo wanawe walituma habari kwa kondakta wa basi, kila Jumatano, na mmoja wetu alikwenda stendi kuzipokea. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilisahau njiani kama aliyezaa ni yule mwekundu au yule wa pembe moja, nikamwambia mgonjwa wote wawili. Alifurahi sana. Sijui kama nimesamehewa.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine, na kwa sababu yake nimeanza kuandika haya.

Lilitokea mwaka uliofuata ule wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya. Kitanda namba sita wodi ya wanawake alilala bibi mmoja mwenye uvimbe tumboni, mwembamba, mwenye adabu ya watu wa zamani. Ukimpa dawa alipokea kwa mikono miwili. Kitanda namba saba alilala mama mmoja wa mtaa wa Mlandege aliyevunjika mguu, ambao ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba. Huyu tulimwita Mama Mguu. Alikuwa na habari za mji mzima na muda wote wa kuzisema.

Daktari alisema kwa Bibi hakuna la zaidi. Mkufunzi akanipa mimi kazi ya kuchukua Kauli yake, ya kwanza kupewa mwanafunzi peke yake. Nilivaa kofia mpya. Nikakaa kando ya kitanda, nikashika kalamu, na kwa kuwa tayari nilijua kila kitu kuhusu wazee wa vijijini, nilimwuliza, "Bibi, ungependa kurudi nyumbani kwako, siyo?"

Bibi akasema, "Eee."

"Ukakae na mwanao, siyo?"

"Eee, mwanangu."

"Na hutaki kusumbuliwa na madawa tena, siyo?"

"Eee."

Ilichukua dakika nne. Niliandika kwa mwandiko wa kupendeza, nikapiga mistari kwa wino mwekundu. Mkufunzi aliisoma darasani kama mfano. Mara nyingi alikuwa ametufundisha kwamba mtu wa kwetu hutaka kufia kwake, na karatasi yangu ilisema hivyo hivyo, kwa mistari myekundu. Nilijaribu kuonyesha sura ya unyenyekevu. Skola aliniambia baadaye nilifanana na mtu anayezuia chafya.

Mwanawe alikuja na gari la kijiji, akamchukua. Bibi aliaga kila mtu kwa mikono miwili.

Siku tatu baadaye nilikuwa nikitandika kitanda namba sita, na Mama Mguu akaniambia, bila kunitazama, "Mlimfukuza kwa nini?"

"Nani?"

"Rafiki yangu."

"Hatukumfukuza, Mama. Alitaka mwenyewe."

"Alisema?"

"Ndiyo. Nilimwuliza, akasema eee."

Mama Mguu akanigeukia, kadiri kamba ilivyomruhusu. "Mwanangu, Bibi yule alikuambia eee ulipomwuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Chai ile haikuwa na sukari. Sukari ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu. Sasa wewe umevaa kofia, umeshika kalamu, yeye angekuambiaje?"

Ningependa kusema nilikimbia moja kwa moja kwa Mkufunzi. Sikukimbia. Nilikaa na jambo lile siku mbili nzima, nikijiambia kwamba wazee hubadilika mawazo, na kwamba Mama Mguu ni mmbeya. Nikala vizuri. Siku ya tatu Skola alinishika mkono nikitoka bwaloni, yeye ambaye nje ya wodi hakuwahi kumshika mtu, akasema, "Utakwenda mwenyewe au nikupeleke?" Nikaenda mwenyewe, kwa sababu alikuwa ananipeleka.

Mkufunzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Nipe maneno uliyomwuliza. Yale yale, usiyapambe." Nikampa. Kila nilipofika kwenye "siyo" alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. 

"Swali lenye jibu tumboni si swali," alisema nilipomaliza. "Ni amri iliyovaa gauni." Nikaanza kulia. "Usilie bado. Mimi niliisoma darasani. Niliona mistari mizuri nikafurahi, kwa sababu ilinikubalia. Vaa sweta, tunakwenda."

Tulikwenda na gari la shule, yeye, mimi na dereva. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara, na vumbi jekundu lilikuwa bado halijazoea kuwa uwanja. Nyumba ya mwanawe ilikuwa na bati. Bibi alilala ndani kwenye kitanda kizuri, shuka safi, mkwewe kando yake akimpepea, mwanawe ameketi miguuni. Hakuna alilokosa. Niliona hivyo nikapumua, nikamtazama Mkufunzi kama kumwambia, unaona?

Yeye alivuta kigoda, akakaa. Akasalimu, akapokea habari zote mpaka za mahindi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza, ambayo majirani wawili waliiitikia mlangoni, "Mama, ungependa kuwa wapi siku hizi?"

Bibi akamtazama mwanawe. Kisha akatazama paa. Nilifungua mdomo ili nimsaidie, na Mkufunzi, bila kugeuka, akanikanyaga mguu. Kile kiatu cha chaki. Akaendelea kunikanyaga muda wote wa ukimya ule, na ulikuwa mrefu.

"Nyumba hii ni nzuri," Bibi alisema. "Mwanangu ananitunza. Mkwe wangu ananiogesha kama mtoto. Sina neno."

Mkufunzi akanikanyaga zaidi.

"Lakini nyumba niliyozalia watoto imevunjwa, tukaletwa huku. Hii sijaizoea. Nikiamka nikiwa peke yangu sijui mlango uko upande gani. Nasikia aibu kuuliza, mimi mtu mzima." Akapumzika. "Kule wodini mlango naujua. Na yule wa mguu ananisimulia. Alikuwa amefika kwenye ugomvi wa mwenyekiti wa kwaya na mke wa mwinjilisti, mkanichukua."

Mwanawe alisimama. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za kijivu. "Mwalimu, mlinipa mama nimuuguze. Nimeuguza. Sasa mnasema nimemnyang'anya? Kijiji kizima kimeona ninyi mmekuja na gari. Nikimrudisha hospitali watasema nimemtupa mama yangu."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimewajeruhi wawili kwa kalamu moja. Nilitegemea Mkufunzi atamhubiria yule bwana. Badala yake alimgeukia kabisa, kigoda na mwili, akamwuliza, "Na wewe baba, ungependa nini?"

Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza tangu mama yake augue. Alikaa chini. Alisema angependa watu wamwone akimtunza. Basi wakapanga, palepale, wao watatu. Bibi atarudi kitanda namba sita, mkwe atafuatana naye na kulala nyumba ya wauguzaji, na mwana atakuja kila Jumamosi na kukaa kwenye kiti kando ya kitanda, mbele ya macho ya watu wote, mlango ukiwa wazi. Mimi sikupangiwa kitu. Nilibeba mto.

Bibi aliishi wodini wiki tano zaidi. Mwanawe hakukosa Jumamosi hata moja, na alivaa koti. Bibi alifariki alasiri moja wakati Mama Mguu akiwa katikati ya habari ya ndoa fulani ya Mlandege, na kwa kuwa Bibi alikuwa na kawaida ya kusikiliza macho yamefumbwa, hakuna aliyejua hasa ilikuwa katika sentensi ipi. Mama Mguu alilia akisema, "Hata sijafika mwisho." Nilikaa naye, na kwa mara ya kwanza sikumwambia kitu.

Siku iliyofuata Mkufunzi aliingia darasani akasimama mbele yetu mikono nyuma. "Nimewafundisha makosa," alisema. "Niliwaambia mtu wa kwetu hutaka kufia kwake. Futeni. Andikeni: sijui, nitamwuliza." Wanafunzi walitazamana. Tulikuwa na walimu wengi wa kila namna, lakini mwalimu wa kusema hivyo hatukuwa naye. Mmoja aliuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Mimi nilipewa adhabu. Kwa wiki nzima nilikatazwa kusema sentensi yoyote inayoishia na "siyo", na Skola akateuliwa kuhesabu. Siku ya kwanza alihesabu mpaka akaomba daftari jingine. Nilimwuliza mpishi, "Leo kuna maharage, si..." nikaziba mdomo. Nikamwuliza upya, "Leo kuna nini?" Mpishi akanitazama kwa huruma akasema, "Unaumwa?" Ijumaa niliweza kupita nusu siku bila kosa, na nilijisifu kwa Skola, "Nimebadilika, siyo?" Mume wangu husema adhabu ile ingeongezwa miaka.

Baada ya cheti nilipangiwa Mbeya. Nikapanda cheo, nikawa msimamizi wa wodi ya wanawake, nikapata wanafunzi wangu mwenyewe wa kuwafundisha Kauli ya Mgonjwa. Niliifundisha vizuri. Niliwasimulia habari ya Bibi, ila katika masimulizi yangu ya miaka ile kosa lilifanywa na "mwanafunzi mmoja".

Halafu, mwishoni mwa miaka ya sabini, asubuhi yenye ukungu mzito hadi taa za wodi ziliachwa zikiwaka, nilikuta kwenye orodha yangu mama mzee sana, aliyeshindwa kumeza, na kando ya kitanda chake amesimama Mkufunzi. Alikuwa ametoka Iringa kwa basi. Nywele zimekuwa nyeupe. Sikujua kama alikuwa na mama. Nilikuwa nimemchukulia kama kitu kilichokuja na shule, pamoja na kengele.

"Msemaji," alisema, akanishika mikono yote miwili. Sauti yake ilikuwa ile ile, na wagonjwa wanne wakaamka.

Mama yake alikuwa amewekewa mpira wa kulishia puani. Siku ya pili aliuvuta akautoa. Mkufunzi akaurudisha mwenyewe, kwa ustadi ambao niliwaita wanafunzi wangu waje watazame. Siku ya tatu akautoa tena, naye akaurudisha tena. Niliona. Nilijua maana ya nilichokiona, na nilikuwa nimekifundisha wiki iliyotangulia, ubaoni. Lakini yeye alikuwa Mkufunzi, na mimi nikiwa mbele yake nilirudi kuwa na miaka kumi na tisa. Nilimletea bakuli safi. Nilisema, "Pole, Mwalimu." Nikaenda kukagua shuka.

Siku ya nne, karibu na saa sita, mama yake aliutoa mpira mara ya tatu, na safari hii aliushika kwenye ngumi asiuachie. Mkufunzi alimfungua vidole kimoja kimoja. Jasho lilikuwa linamtoka, katika baridi ile. Akaniona.

"Njoo," alisema. "Mshike mkono. Huu wa kulia. Ushike vizuri."

Nikaushika. Ningependa sana kuandika kwamba nilikataa. Msimamizi wa wodi, mwenye mkanda na saa kifuani, niliushika mkono wa mama yule mzee nikaubana kitandani, na ulikuwa mwepesi kama bua.

Mama akanitazama. Alikuwa na macho ya kijivu, yenye akili kabisa.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "huyu ni nani kwako?"

"Ni mwalimu wangu, Mama."

"Ndiye aliyekufundisha kazi?"

"Ndiye, Mama."

"Alikufundisha hivi?"

 Sikuuachia mkono, nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi niliyeushika. Nikasikia bakuli likiwekwa juu ya kabati, na mpira ndani yake.

"Hapana, Mama," Mkufunzi alisema. "Sikumfundisha hivi."

Hapo nikauachia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo alilotukataza miaka yote, akauchukua mkono ule akausugua pale nilipoubana.  Nilidhani atamwuliza moja kwa moja, kwa utaratibu, kama kwenye karatasi. Hakuweza kuanza. Alifungua mdomo mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna aliyesikia alichotaka kusema.

Kwa hiyo niliuliza mimi. Nilipiga hatua mbele, nikasema, "Mama, ungependa tufanye nini sasa?" na baada ya hapo nikafunga mdomo wangu kwa nguvu zangu zote, na sitamficha msomaji kwamba zilihitajika.

"Jua," alisema mama yake. "Limetoka?"

Tukatazama dirishani. Ukungu wa siku zile nne ulikuwa umeanza kuachia, na barazani kulikuwa na mwanga.

"Limetoka, Mama," alisema Mkufunzi.

"Basi nitoeni. Huyu anayeumwa hapa ndani mmemwona vya kutosha."

Hatukusubiri wahudumu. Yeye alishika kitanda upande wa kichwani, mimi miguuni, na gurudumu moja lilikuwa halizunguki, kwa hiyo kizingitini ilibidi tukiinue. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola. Nikainama nishike chuma, akanitazama juu ya kichwa cha mama yake.

"Kunja magoti, Msemaji," alisema. "Usiinamishe mgongo. Utaumia."

Nikakunja magoti, akahesabu, tukainua.